Kontena la Siku Sabini na Tatu

SAA 4:20 ASUBUHI

Nanga alichora kwa chaki juu ya mpira wa ndani wa gurudumu la lori, uliopasuliwa na kutandazwa sakafuni kama mkeka.

"Geti la kuingilia. Mizani. Safu ya tatu, kontena letu liko chini, halijakaliwa na jingine. Geti la kutokea." Akagonga chaki. "Mita mia nne. Saa sita kamili mtambo wao unazimwa. Saa saba unawaka. Humo katikati ndimo tunamoishi."

Chumba kilikuwa nyuma ya karakana ya pancha. Dirisha moja, limezibwa kwa bati. Harufu ya gundi ilikuwa nzito mpaka unaionja kwenye ulimi. Nje fundi alikuwa akigonga ringi makusudi, ili sauti za ndani zisitoke.

Walikuwa wanne.

Nanga, pandikizi la mtu, zamani alikuwa akiendesha winchi humo humo walimopanga kuingia, bandari kavu ya makontena. Walimfukuza. Akaondoka na ufunguo wa winchi mfukoni, na hawakuwahi kubadilisha kitasa. Koplo, mlinzi wa geti la kutokea. Hakuwa koplo wa jeshi lolote, alipewa jina hilo kwa kupenda saluti. Dereva wa lori, ambaye wote walimwita Shemeji, hata Nanga, ingawa Nanga hakuwa ameoa kwao. Mwenye haki ya kumwita hivyo alikuwa mmoja tu, yule wa nne, Karani.

Karani hakusoma sana. Aliingia ofisi ya wakala wa forodha akiwa tarishi wa kubeba mafaili. Miaka ishirini na sita baadaye alikijua kitabu cha ushuru kuliko walioajiriwa kukisoma. Unamtajia bidhaa, anakutajia namba yake. Misumari. Maziwa ya unga. Miguu ya bandia. Wenye vyeti walimcheka wakiwa pamoja, kisha kila mmoja akamfuata kwa siri kumuuliza.

"Karatasi," Nanga alisema.

Karani akatoa hati ya kuachilia mzigo. Muhuri wa bluu, saini ya mkubwa, namba ya kontena, namba ya lakiri inayofunga mlango wake. Ameipiga mwenyewe kwa taipureta jana mchana.

Nanga akaigeuzageuza. "Hii hata mama wa mkubwa angeapa ni mkono wa mwanawe."

"Ikiwa mama yake anamjua," Koplo akasema. Wakacheka kidogo. Karani hakucheka.

"Zahanati kwanza," akasema. "Maboksi sitini yanashuka. Yanayobaki ni yako na mnunuzi wako."

"Tumeshasema, mzee."

"Sema tena."

Nanga akamtazama. Kisha akacheka kwa pua. "Zahanati kwanza. Sitini. Umeridhika?"

Shemeji alikuwa akitazama viatu vyake.

Ndani ya kontena mlikuwa na vichujio vya kusafishia damu, vile vinavyofungwa kwenye mashine za watu ambao figo zao zimekufa. Zahanati iliviagiza nje. Wakala mpya, kijana wa suti, aliandika kwenye tamko la forodha kwamba ni vichujio vya maji. Namba tofauti, ushuru tofauti. Forodha wakaona uzito na karatasi za muuzaji haviendani, wakaupeleka mzigo njia nyekundu, ya kukaguliwa. Tamko la uongo. Zuio. Kosa la mtu mmoja, kalamu moja, na lingefutwa kwa fomu moja yenye saini moja. Lakini mwenye saini alikuwa semina. Aliporudi kutoka semina alisema faili liende kwa mwenzake. Mwenzake akasema lirudi kwake yule yule. Wakubwa wana viti vya kuzunguka, ila anayezungushwa ni mwenye shida.

Siku ya arobaini na moja ya zuio, mke wa Karani alifariki. Ugonjwa ule ulikuwa wa ukoo wao. Ulimchukua mama mkwe, ukamchukua mke, na sasa ulikuwa umekaa kwa binti, miaka kumi na tisa, mtoto wa pekee. Mjomba wake, Shemeji, hajawahi kwenda kupimwa. Anaogopa kuitwa ndani.

Zahanati iliosha vichujio vya zamani mpaka vikapasuka. Hospitali ya mji wa pili ilikuwa na mashine mbili na foleni ya watu arobaini. Tangu Ijumaa iliyopita damu ya binti haikuwa imesafishwa. Asubuhi hiyo Sista wa zahanati alimsikiliza kifua, akamvuta Karani pembeni.

"Maji yamefika mapafuni. Leo, baba. Usiniambie kesho."

Leo ilikuwa siku ya sabini na tatu.

SAA 6:04 MCHANA

Kila Alhamisi, saa sita hadi saa saba, kompyuta za bandari kavu zilizimwa ili kumbukumbu za wiki zihamishwe makao makuu. Saa hiyo moja geti lilirudi kwenye karatasi. Mwenye hati yenye muhuri anapita. Mkaguzi wa geti analinganisha hati na nakala ya tamko kwenye faili lake, anagonga, anafungua. Kompyuta zikiwaka ndipo mtu angeona kwamba kontena lenye zuio limekwenda zake.

Lori liliingia tupu. Mlinzi wa geti la kuingilia alitazama hati kama mtu anavyotazama mvua, akapunga mkono.

Nanga alishuka akiwa na koti la kung'aa na kofia ngumu. Wafanyakazi walikuwa wamekwenda kula. Akapanda winchi kama mtu anayerudi kitandani kwake. Ikaunguruma.

Karani akalisogelea kontena.

Hakuwahi kuliona. Aliliandikia barua siku sabini na tatu, na namba yake aliijua kama mtu anavyoijua namba ya kaburi. Kumbe lilikuwa sanduku la bluu lenye kutu pembeni. Utepe wa njano wa zuio ulipigwa mkingamo mlangoni. Akaweka kiganja kwenye bati. Lilikuwa la moto. Fomu moja isiyotiwa saini ilikaa kati ya mkewe na sanduku hili, umbali wa kilomita tisa.

"Toa huo utepe, mzee!" Nanga akapiga kelele kutoka juu. "Utalibusu ukishalioa!"

Akaukata utepe, akaukunja, akautia mfukoni. Lakiri akaiacha, maana namba yake iko kwenye hati.

Winchi ikanyanyua. Kontena likaning'inia, likazunguka kidogo, likakaa mgongoni mwa lori. Shemeji akafunga pini nne za pembeni. Ya mwisho ilimponyoka mara mbili.

"Shemeji, una nini?"

"Jua," Shemeji akasema. "Twende."

SAA 6:29 MCHANA

Kwenye kibanda cha geti la kutokea alikaa mama wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. Hakwenda kula na wenzake. Alikuwa na kikombe cha chai, faili na rula ya mbao. Kila hati iliyofika aliiweka kando ya tamko, akateremsha rula mstari kwa mstari, kote kuwili, kama mshonaji anayefuata pindo.

Karani alisimama dirishani. Nyuma yake lori linaunguruma, Shemeji kwenye usukani, Nanga pembeni yake. Koplo amesimama kwenye kizuizi, kifua mbele.

Rula ilishuka. Jina la mwagizaji. Sawa. Namba ya kontena. Sawa. Lakiri. Uzito.

Rula ikasimama.

"Hapa hapafanani," mama akasema.

Karani akainama. Akaona.

Tamko lilikuwa na namba ya vichujio vya maji. Hati yake ilikuwa na namba ya vifaa vya tiba.

Namba sahihi. Ile aliyoiandika kwenye barua ya kwanza, ya pili, ya kumi na tisa. Ile aliyoitamka kwenye kila meza mpaka mhudumu wa chai wa ofisi ile akaikariri. Jana, alipokaa kwenye taipureta, mkono ulikwenda wenyewe. Mghushi mwingine yeyote angenakili kosa kama lilivyo. Yeye alilisahihisha.

"Mama, hiyo ndiyo namba yake ya kweli."

"Ya kweli ni iliyo kwenye tamko, baba. Mimi sipimi ukweli, napima kufanana."

"Imerekebishwa."

"Basi nipe fomu ya marekebisho."

"Iko ofisi kuu."

"Haina neno." Akavua miwani. "Saa saba kompyuta inawaka, nitaiona humo humo. Kaa kwenye benchi."

Saa ya ukutani ilisema saa sita na dakika thelathini na nne.

"Mama, hivi ni vichujio vya damu. Tazama karatasi ya muuzaji. Tazama uzito. Maji gani yanachujwa na kitu cha gramu mia mbili? Aliyeandika tamko alikosea, mtu yeyote mwenye macho anaona alikosea!"

Sauti ilikuwa imepanda. Aliisikia mwenyewe, hakuweza kuishusha.

"Baba," mama akasema taratibu. "Mbona unatetemeka?"

Mkono wake ukaenda kwenye simu ya mezani.

Mlango wa lori ukafunguliwa. Nanga akashuka. Hakukimbia. Alitembea mpaka kwenye kibanda, akaitoa bastola kiunoni, akaiweka dirishani kama mtu anayeweka kitambulisho.

"Mama, weka simu. Lala chini."

Mama akalala chini. Rula bado iko mkononi.

"Koplo, fungua."

Koplo alikuwa ameganda. Kifua kimerudi ndani. "Mlisema karatasi tu."

"Fungua, bwana."

"Mlisema karatasi tu, Nanga! Huyu mama ananijua. Anamjua mke wangu. Mimi nabaki hapa na sura hii hii!"

"Nanga, ngoja," Karani akasema.

Koplo akarudi hatua moja. Mkono wake ukapanda begani, kwenye redio. Labda alitaka kuita. Labda alitaka tu kushika kitu.

Risasi ilikuwa moja.

Koplo akakaa chini kama mtu aliyechoka. Akatazama tumbo lake. Karani akampigia magoti, akabana kwa viganja, damu ikapita katikati ya vidole, ya moto, ikalowesha suruali ya wote wawili.

"Karani," Koplo akasema. "Karatasi… ilikuwa na nini?"

Karani akazidi kubana.

Nanga alishanyanyua kizuizi. Akamshika Karani ukosi, akamburuta mpaka kwenye lori.

SAA 6:47 MCHANA

Karani alikaa katikati. Nanga dirishani, bastola gotini. Shemeji alikuwa akiendesha ameuma meno.

Mbele, kwenye kituo cha mafuta, barabara inagawanyika. Kushoto ni mjini, zahanati. Ukinyoosha ni mpakani.

"Kata kushoto," Karani akasema.

"Nyoosha," Nanga akasema.

"Tulikubaliana sitini."

"Tulikubaliana kutoka kimya. Wewe na namba zako! Hivi kweli, mtu anaghushi karatasi halafu anakuwa mwaminifu? Nyoosha, Shemeji. Mnunuzi anaungoja mzigo wote."

"Wote?"

Karani akageuka upande wa pili. Mshipa wa shingo ya Shemeji ulikuwa umesimama.

"Ulijua."

"Tangu Jumanne."

"Jumanne! Shemeji, Jumanne umekula kwangu. Mtoto amekupakulia."

"Alisema atanipa maboksi kumi pembeni. Nikaona kumi ya hakika ni afadhali kuliko sitini ya maneno. Ningekuletea mwenyewe. Naapa ningekuletea."

"Kumi pembeni." Nanga akacheka. "Hayo nayo yameishia getini na Koplo. Hatusimami popote. Mtu akitaka vichujio aandamane nasi mpakani."

Kituo cha mafuta kilikaribia. Bango jekundu, pampu mbili, mbwa amelala.

Shemeji alishusha gia.

"Asubuhi amenipigia," akasema, kana kwamba wako wawili tu. "Ananiambia, mjomba, viatu havinitoshi tena. Miguu imejaa. Anacheka. Anasema ukija niletee vyako."

Kisha akakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Lori likapiga ukelele. Karani alishika dashibodi. Nanga hakushika kitu. Kichwa chake kikaenda kwenye kioo, kioo kikachanua kama utando wa buibui. Bastola ikaanguka chini, ikagonga chuma, ikateleza mpaka kwenye kiatu cha Karani.

Karani akaiokota. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Hakuwahi kushika silaha maisha yake yote, ila mzigo uliokuwa nyuma yake ulikuwa mzito zaidi.

"Shuka."

Nanga alikuwa na damu machoni. "Huwezi. Wewe ni mtu wa mihuri."

"Nimemwangusha mtu mmoja leo kwa namba ya kwenye karatasi," Karani akasema. "Shuka, Nanga. Usinijaribu na risasi."

Nanga akashuka. Alisimama katikati ya vumbi akitukana, akitaja mama zao, baba zao, na mtoto. Shemeji akakata usukani. Kushoto.

SAA 7:08 MCHANA

Zahanati ilikuwa na mashine saba, zimefunikwa shuka nyeupe kama viti vya nyumba yenye msiba. Kwenye benchi la nje walikaa wagonjwa sita. Hawakuitwa. Walikuwa wakija kila siku kukaa tu, kama watu wanaosubiri gari wanalojua limefutwa. Binti alikuwa ndani, amekaa kitandani na mito mitatu mgongoni, maana akilala anazama.

Lori likaingia uani kwa kurudi nyuma. Shemeji alishuka na mkasi wa chuma, akakata lakiri. Mlango ukalia.

Maboksi, hadi darini.

Sista alitoka. Mama mfupi, mikono minene, sauti ya mtu aliyezoea kuamka. Akafungua boksi la kwanza, akasoma tarehe, akakigeuza kichujio kwenye mwanga.

"Vimetoka forodhani?"

"Vimetoka."

"Kwa karatasi?"

"Kwa karatasi."

Akaitazama suruali yake. "Na hiyo damu?"

"Sista, niulize baada ya saa nne."

Sista akavuta pumzi ndefu. Alijua saa nne ni nini. Ndio muda ambao damu ya mtu mmoja huzunguka kwenye mashine mpaka iwe safi. Ukikatisha katikati, umefanya kazi ya bure.

"Nawa mikono," akasema. "Lete saba kwanza. Halafu mengine nitajua pa kuyaweka."

Wale wa kwenye benchi walishasimama. Hawakuuliza kitu. Mwalimu mstaafu, mzee mwembamba kama chaki zake, akabeba boksi kwa mikono miwili kifuani, akilia kimya kimya.

Uani, Shemeji alikuwa akifungua kiungo. Akakitenga kichwa cha lori, tela na kontena vikabaki vimesimama kwa miguu yao ya chuma.

"Unafanya nini?" Karani akauliza.

"Wao wanatafuta lori linalokimbia. Nitawapa la kukimbizana nalo." Akapanda. "Saa moja naweza kukupa. Labda na nusu."

"Shemeji, ingia kwanza umwone."

"Nikimwona sitaondoka."

Akainua mkono kuelekea dirishani. Ndani, binti akauinua wake. Kichwa cha lori kikatoka mbio kikiwa hakina kitu nyuma, kikirukaruka kama punda aliyetuliwa mzigo.

"Mjomba mbona haingii?" binti akauliza.

"Ameegesha vibaya."

SAA 7:50 MCHANA

Sindano mbili mkononi mwa binti. Mrija mmoja unatoa, mmoja unarudisha. Kichujio kipya, cheupe, kikageuka chekundu taratibu kutoka chini kwenda juu. Mashine saba zilianza kunguruma moja baada ya nyingine. Karani alikaa kwenye kigoda, akaitazama damu ya mwanawe ikipita pale ambapo ilipaswa kupita siku sabini na tatu zilizopita. Pale ambapo ya mama yake ilipaswa kupita.

"Baba," binti akasema. "Umetoa rushwa?"

"Sijatoa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Binti akamtazama. Midomo yake bado ya bluu. "Basi umefanya kitu kibaya zaidi."

SAA 9:20 ALASIRI

Ving'ora. Magari matatu.

Karani akafunga mlango wa chumba cha mashine kwa komeo, akasukuma kabati nyuma yake. Kulikuwa na dirisha dogo mlangoni, la kioo. Akasimama hapo na bastola.

Aliyetangulia alikuwa Mkubwa. Yeye mwenyewe, mwenye saini. Shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Siku sabini na tatu hakupatikana. Alikuwa semina, alikuwa safarini, alikuwa kikaoni, alikuwa ametoka sasa hivi. Leo alifika na jasho mwilini. Kumbe miguu anayo.

"Mzigo wote uko chini ya zuio la forodha," Mkubwa akasema kupitia kioo. "Uliofunguliwa na usiofunguliwa. Ni vielelezo. Tutaukusanya sasa."

"Saba vimo kwenye damu za watu."

"Vitolewe kwa utaratibu."

"Utaratibu!" Karani akacheka, kicheko kibaya. "Mke wangu nimemzika kwa utaratibu wako. Nina risasi. Sijui ngapi, sijui hata kuzihesabu. Ila mlango huu haufunguki mpaka mashine zimalize."

Afande aliyekuja naye alikuwa mzee, macho mekundu, mkanda umelegea. Akamsogeza Mkubwa pembeni kwa bega, si kwa heshima sana.

"Sista yuko humo?"

"Nipo, afande."

"Zimebaki saa ngapi?"

"Mbili na nusu."

"Ukizikata sasa?"

"Huyu msichana hafiki kesho. Wengine sijui."

Afande akaegemea ukuta. "Sikiliza, mzee," akamwambia Karani. "Shemeji yako tumemkuta darajani, amekaa kwenye ngazi ya lori lake, anatusubiri. Mwingine tumemwokota kituo cha mafuta. Na yule mlinzi wa geti…" Akasita. "Amefia njiani."

Karani akateleza mpaka chini, mgongo kwenye kabati.

"Nani amefia njiani?" Sauti ya binti.

Karani akaitazama damu kwenye suruali yake.

"Baba. Nani?"

"Mlinzi. Alikuwa nasi."

"Ana watoto?"

"Wawili."

Mashine zilikuwa zikinguruma. Wagonjwa wengine walitazama dari. Binti akaugeuza uso kwa mashine yake, kwenye kitufe chekundu cha kusimamisha. Mkono wake ulio huru ukaenda mpaka pale, ukakaa juu yake.

"Nizime?"

Karani akatambaa. Akashika kile kiganja, akakiondoa kitufeni, akakilaza kwenye goti lake mwenyewe, juu ya damu ya Koplo iliyokauka.

"Usizime. Hilo ni langu. Mama yako alinionya nisikuachie hata deni la sabuni. Hili pia sikuachii. Usizime, mwanangu."

Nje Mkubwa alikuwa akifoka kwenye simu. Afande akavuta kiti, akakiweka mbele ya mlango, akakaa.

"Tutasubiri," akasema.

"Kwa amri ya nani?" Mkubwa akauliza.

"Miguu inauma."

SAA 11:50 JIONI

Mashine ya binti ililia kwanza. Kengele ndogo, kama ya baiskeli. Sista akarudisha damu, akachomoa sindano, akabana pamba. Midomo ya binti ilikuwa na rangi ya mdomo. Akavuta pumzi mpaka chini kabisa, akashangaa yeye mwenyewe.

Ya mwisho ililia dakika ishirini baadaye.

Karani akavuta kabati. Akafungua komeo, akaitoa bastola nje kwa kuishika mtutu, kama mtu anayempa mwenzake kisu. Afande akaipokea. Pingu zikafungwa bila purukushani. Watu saba walitoka chumbani kwa miguu yao wenyewe.

Uani kontena lilikuwa limeshapigwa lakiri mpya. Mkubwa aliyahesabu maboksi mwenyewe, likakosekana moja, lile la vichujio saba. Yale aliyoyaficha Sista aliyakuta chini ya kitanda cha kujifungulia, akayarudisha.

Mwalimu mstaafu akamwendea, pamba bado imebanwa mkononi.

"Mheshimiwa. Na Jumatatu?"

"Jumatatu kuna nini?"

"Tunarudi kwenye mashine. Sote."

Mkubwa alikuwa akifunga kalamu. "Hilo sasa siwezi kulizungumzia," akasema. "Liko mahakamani." Mahakama ilikuwa imefungwa tangu saa tisa.

Karani akaingizwa nyuma ya gari. Hakuna aliyempiga. Lilipoanza kutoka, aligeuza shingo kwenye kioo cha nyuma. Wagonjwa walikuwa wamesimama wamelizunguka kontena, hawaligusi. Binti alikuwa mbele yao, ameegemea bega la Sista, hatazami gari. Alikuwa anatazama mkono wake, anakunja vidole polepole, midomo ikihesabu. Ijumaa. Jumamosi. Jumapili.

Alipofika kidole cha nne aliacha kukikunja.